Tumbo la Mwalimu Mkuu

Kitale, 20 Januari 2025

Ndugu yangu Mukhwana,

Salamu kutoka kwetu. Sisi hatujambo. Nasir mume wangu bado anachechemea na goti lake, lakini dukani anafika, na bei ya mahindi imempa jambo la kulalamikia kila asubuhi, kwa hivyo ana furaha yake. Baridi ya asubuhi huku inauma vidole.

Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu unazikata. Mwanangu Alwi anashuka Bungoma Alhamisi na mzigo wa mahindi. Atakupa barua hii mkononi, na barua huwezi kuikata nikiwa katikati ya sentensi.

Alwi alilala kwako mwaka mpya. Anasema mjomba amefura tumbo mpaka shati halifungi, anacheua kutwa nzima kama huyo ng'ombe wake wa gredi, na chooni anaenda kukaa tu. Alipokuuliza ni nini, asubuhi ulimwambia ni maji ya kisima, na jioni ukamwambia ni upepo wa mlima. Mtu aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyechapa watoto wa watu kwa kutojua sayansi, leo anaumwa na upepo wa mlima.

Sikiliza. Alwi anasema unakula kana kwamba unafukuzwa. Kula polepole, kwa sababu anayebwakia chakula anameza na hewa, na hewa hiyo lazima itafute mlango. Acha soda juu ya ugali. Ukimaliza kula usilale papo hapo, tembea mpaka barabarani na urudi. Kunywa maji. Mboga unazozidharau, saga na kunde, zirudi kwenye sahani kidogo kidogo, si rundo siku moja. Niliwafundisha wasichana wa sekondari mambo haya miaka mingi katika somo la sayansi kimu, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kuambiwa mara mbili.

Na jambo lingine. Alwi anasema uji alijipikia mwenyewe kwa sababu jikoni hakukuwa na mtu. Jentrix yuko wapi? Mke wa mwanao hawezi kwenda matembezi na mtoto mdogo huku wewe ukibaki kama yatima.

Dada yako,
Sabiha

*

Bungoma, 17 Februari 2025

Kwa Nabwile,

Ninakuita jina ulilopewa na baba yetu. Hilo la Sabiha ulipewa ulipoolewa, acha walitumie waliokupa.

Huku sote ni wazima. Mwanangu Wabwile bado yuko Juba, anaendesha lori, na alipiga simu Jumapili iliyopita. Ng'ombe anakamuliwa vizuri. Kanisani wamenichagua tena mzee wa kanisa, ingawa sikuomba.

Barua yako nimeisoma. Ina makosa mawili ya sarufi na moja la adabu. Nimeyapigia mstari, ukitaka nitakurudishia usahihishe.

Ati nitembee baada ya kula kama mlinzi wa usiku. Ati nile polepole. Na ushauri huu unatoka kwa watu ambao karibuni watafunga mwezi mzima, wakishinda njaa kutwa, kisha jua likizama wanashindilia sambusa mpaka pumzi inakata. Nikitaka kujifunza kula, sitajifunza hapo.

Chakula changu ni safi. Tangu nistaafu ninakunywa maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe, kikombe kikubwa asubuhi, mchana na jioni, yakiwa moto. Sina kitu kingine ninachokiamini katika nyumba hii. Hiyo ndiyo afya.

Jentrix amerudi kwao Malakisi na mtoto. Sababu ninaijua mimi na Mungu wangu, na Wabwile nimemweleza. Usiulize tena.

Mukhwana

*

Kitale, 12 Machi 2025

Ndugu yangu Mukhwana,

Salamu za Ramadhani. Nasir anafunga na goti lake, mimi ninafunga na sukari yangu kwa ruhusa ya daktari, na Alwi anafunga akilala mpaka adhuhuri, kwa hivyo thawabu yake sijui.

Umesema kweli kuhusu sambusa. Miaka ya kwanza ya ndoa yangu nilifungua kwa pupa na usiku nikalala nimekaa, tumbo gumu kama ngoma. Niliumia, nikajifunza. Sasa ni tende, maji, supu kidogo, tunaswali, ndipo tunakula. Kumbe hata mimi ninaweza kufundishwa. Wewe nani atakufundisha, kama huko kwenu wote ni wanafunzi wako?

Maziwa. Watu wazima wengi tumbo lao haliwezi kumaliza sukari iliyo ndani ya maziwa. Sukari hiyo inashuka chini ikiwa nzima, inachacha, inatoa gesi, na mtu anafura. Hujawahi kunywa maziwa mengi hivyo maishani mwako, tulikua tukigawana kikombe kimoja cha chai. Yaache wiki mbili uone. Ukikosa kabisa kujizuia, kunywa mala, yale maziwa yaliyochachuka, huwa mepesi zaidi. Na kama unakonda bila sababu, au unaona damu chooni, au unatapika, au chakula kinakwama kooni, usiniandikie mimi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa jibu swali. Jentrix ameondoka tangu Desemba. Tumbo limeondoka?

Usiponijibu hilo, jibu hili. Nimesikia habari ya mazishi ya jirani yenu, yule fundi wa baiskeli. Jentrix alikwenda kupika na wenzake kama kawaida. Akashika mwiko wa sufuria ya maharagwe, na mwenyekiti wa kina mama akaja, akamtoa mwiko mkononi mbele ya watu wote, akamwambia, "Wewe kaa na mtoto, mama. Leo hatutaki shida." Msichana akakaa juu ya gunia la viazi mpaka jeneza likashuka, na hakuna aliyempa hata maji. Nimesikia kwa nani si kazi yako. Wanawake hawamnyang'anyi mwenzao mwiko bila kuambiwa kitu. Uliwaambia nini, Mukhwana?

Sabiha

*

Bungoma, 30 Aprili 2025

Kwa Nabwile,

Mvua imeshika. Mahindi yameota vizuri. Wabwile hajapiga simu mwezi huu.

Nilikawia kujibu kwa sababu nilikuwa mgonjwa, na pia kwa sababu sikutaka. Nilinunua chupa ya dawa ya kusafisha tumbo kwa mtu anayeuza na kipaza sauti karibu na soko. Nilimwamini kwa kuwa alikuwa na Biblia. Dawa ilinisafisha kiasi kwamba sikuweza kutoka kwenye boma, na ilipoisha tumbo likafura kama awali. Usicheke. Ninajua unacheka.

Unauliza niliwaambia nini. Niliwaambia nilichoona. Mwezi wa Novemba nilipitia nyuma ya jiko, na mlango ulikuwa nusu wazi. Jentrix alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye pindo la leso, akaifungua, akanyunyiza unga wa kahawia ndani ya maharagwe yangu. Akatazama mlangoni. Akairudisha karatasi kwenye leso. Mtu anayeweka chumvi hatazami mlangoni. Na tumbo langu lilikuwa limezidi kuniuma mwaka huo huo. Ulitaka nifikirie nini? Nilimwambia afunge virago arudi kwao. Sikumpa sababu, sababu alikuwa nayo kwenye leso. Wabwile nilimwambia kwa simu. Na ndiyo, kabla hajaondoka niliwaambia wazee wawili wa kanisa, na wazee wana wake.

Sasa umepata ulichotaka. Hata wewe, na ujuzi wako wote wa sayansi kimu, utaeleza nini hapo?

Mukhwana

*

Kitale, 3 Mei 2025

Mukhwana,

Leo salamu ni fupi, wote hapa wazima.

Ule unga ni wangu.

Ni bizari nyembamba, ile inayouzwa kwenye kila duka la viungo, na ndani yake tangawizi kavu kidogo. Nilimsagia Jentrix kwa mkono wangu mwezi wa Oktoba, alipokuja sokoni Kitale akaniambia baba mkwe anateseka na gesi. Nilimwambia aloweke maharagwe usiku kucha, amwage yale maji, ayachemshe upya, na mwisho atie kiasi kidogo cha bizari hii. Haiponyi ugonjwa wowote, ila wengine inawapa nafuu, na mtu hawezi kuumia nayo. Unajua kwa nini aliificha kwenye leso? Kwa sababu wewe ulipiga marufuku kitu chochote kutoka nyumbani kwangu kuingia jikoni mwako. Ulisema hutaki viungo vya watu wa msikiti. Alitazama mlangoni kwa sababu alikuogopa wewe. Alikuwa akikutibu kwa kujificha, kama mwizi.

Mwezi mzima baada ya kumfukuza hakujua kosa lake. Wabwile alimpigia akamwambia, "Unajua ulichofanya," akakata. Baba yake Jentrix huko Malakisi akasikia uvumi, akamwambia nyumba yake haitalala na mtu wa namna hiyo. Kwa hivyo yuko hapa kwangu, yeye na mtoto wake Nekoye, tangu tarehe za kwanza za Februari. Barua yako ya kusema yuko Malakisi niliisoma yeye akiwa amekaa mbele yangu akichambua mchele. Sikukwambia kwa sababu aliniomba nisikwambie.

Nimemsomea barua yako jana. Hakulia. Alisema, "Kumbe ni bizari," akainuka. Kisha akauliza kama ninataka chai.

Kuna kitu kingine. Amenieleza kwamba chakula chako alikuwa akikiponda. Maharagwe alikuwa akiyasaga kwa mwiko, nyama akiichanachana, mahindi mazima hakukupa tangu mwaka juzi. Nilimuuliza kwa nini anamlisha mtu mzima kama mtoto wa kunyonya. Akasema, "Hiyo ni ya baba, Mama Alwi. Utamuuliza mwenyewe." Nimembana mara tatu, hasemi. Umemtoa kwako kama mbwa, umemharibia jina Bungoma nzima, na bado kuna siri yako anayoibeba. Ni nini?

Sabiha

*

Bungoma, 9 Juni 2025

Kwa Nabwile,

Sisi wazima. Palizi imeisha.

Nilikwenda kliniki. Sikwenda kwa sababu ya barua yako. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeshapanga kwenda.

Nilipokewa na daktari msichana anayeitwa Chelangat, umri wa mjukuu. Aliuliza maswali ambayo sikuulizwa na mama yangu mzazi. Choo kikoje, upepo unatoka saa ngapi. Akapima, akabonyeza tumbo, akatuma damu na choo maabara. Hakukuwa na sumu, hakukuwa na uvimbe, hakukuwa na minyoo. Kisha akasema, "Guka, fungua mdomo." Nikamwambia mimi si babu yake, na ninaumwa tumbo, si mdomo. Akangoja tu na tochi yake. Nikafungua.

Meno yangu yaliisha yote mwaka juzi. Meno ya bandia niliyotengenezewa yananiumiza ufizi, kwa hivyo ninayavaa kanisani na mbele ya wageni, na nikiketi kula peke yangu ninayavua na kumeza vipande vizima. Siku moja Jentrix aliingia na maji ya kunawa akayakuta mezani. Aliweka maji chini akatoka. Kuanzia kesho yake chakula kikaja kimepondwa. Hakusema neno, nami sikusema. Hiyo ndiyo siri yako.

Chelangat alisema mambo ni mawili, maziwa na meno. Tumbo langu lilianza mwaka niliostaafu, wakati maziwa yalipoanza, na likazidi meno yalipoisha. Alipoondoka aliyekuwa akiniponda chakula, likawa ulivyosikia. Ameniambia niache maziwa ya moto, nitengenezewe meno upya, nitembee, ninywe maji. Yaani yale yale yako, ila yeye hakuongeza matusi. Ni wiki ya tatu sasa. Shati linafunga. Chooni ninakwenda kama mtu.

Kwa hivyo mambo yamekwisha. Mwambie Jentrix arudi. Mwambie nimemsamehe.

Mukhwana

*

Kitale, 15 Juni 2025

Mukhwana,

Umemsamehe nini?

Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa nikitafuta kosa lake. Nimemsomea Nasir, na unajua Nasir si mtu wa maneno. Alisema, "Huyu ndugu yako, tumbo limepungua lakini bado amejaa."

Ulijua. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu. Ulikuwa unakula kila siku chakula kilichopondwa na mtu aliyekuficha aibu, na ulijua kwa nini kimepondwa, na ukaona karatasi mara moja ukaamini karatasi. Halafu miezi minne ukanitumia sarufi.

Sikumpelekea salamu zako za msamaha. Nimemwambia tu kwamba umepona. Akasema, "Afadhali." Anafanya kazi dukani kwetu, wateja wanamtaka yeye, na Nekoye ameingia chekechea hapa mtaani. Wabwile amepiga simu, nilimpa ukweli wote nikiwa nimesimama, akalia huko Juba mbele ya wenzake. Ameomba kuzungumza na mkewe. Mkewe amesema bado.

Jina uliliharibu mbele ya watu. Barua kwangu haitalitengeneza.

Sabiha

*

Bungoma, 28 Julai 2025

Kwa dada yangu,

Natumaini goti la Nasir limepoa. Huku mvua nyingi, barabara ya kanisani imekatika.

Barua yako ilinikasirisha nikaitupa. Kisha nikaiokota. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nikingojea tarehe moja. Jumamosi iliyopita ilikuwa ibada ya makumbusho ya yule fundi wa baiskeli, na walikuwa watu wale wale, boma lile lile, sufuria zile zile.

Niliomba nafasi ya kusema baada ya mchungaji. Walidhani ni maneno ya mwalimu kama siku zote, wengine wakaanza kuinuka. Nikasema: "Siku ya mazishi hapa, mkwe wangu Jentrix alinyang'anywa mwiko. Mwiko ule nilimnyang'anya mimi. Niliwaambia wazee kwamba ananitilia kitu kwenye chakula. Haikuwa kweli. Ilikuwa bizari ya kunisaidia, imetoka kwa dada yangu."

Mwenyekiti wa kina mama akasimama kule jikoni, akaniuliza kwa sauti, "Na hilo tumbo, Mwalimu, lilikuwa nini basi?"

"Maziwa," nikasema. "Na meno."

Watu wakacheka, Nabwile. Nimesimama mbele ya watu wa eneo hili miaka thelathini na hakuna aliyewahi kunicheka nikisikia. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwalimu anatuficha mganga wake bana." Nikaona hawaamini. Nikayavua meno, juu na chini, nikayashika mkononi, nikafungua mdomo wakaona. Hakuna aliyecheka tena. Nikasema yaliyobaki bila meno, na sijui kama walinielewa, kwa sababu mdomo wangu bila meno hausemi sawa. Nilisema kwamba huyo mtoto wa watu aliijua hali hii kwa mwaka mzima na hakunitangaza, na mimi nilimtangaza kwa kitu nisichokijua.

Kesho yake nilikwenda Malakisi, nikarudia kwa baba yake, sebuleni kwake. Hakunipa kiti mpaka nilipomaliza. Sikumlaumu.

Uzee wa kanisa nimeurudisha. Hawakunikataza.

Simwambii arudi. Sina neno la kumtumia ambalo naona linatosha, na nimejaribu kuandika mengi. Ukiona inafaa, mweleze nilichofanya. Usipoona, basi. Wajukuu wengine sina, na Nekoye nilimzoea akinikimbilia mlangoni. Hilo ninakwambia wewe tu.

Mukhwana

*

Kitale, 6 Agosti 2025

Ndugu yangu Mukhwana,

Goti la Nasir limepoa kidogo, asante kwa kuuliza, ni mara ya kwanza tangu aumie. Alwi anatafuta mchumba na kila tunayempendekeza ana kasoro.

Nilimweleza Jentrix yote, na nilipofika pale pa kuvua meno aliniomba nirudie, nikadhani anataka kucheka. Hakucheka. Alifunika uso kwa leso. Baba yake alikuwa amempigia tayari. Mwenyekiti wa kina mama pia amempigia, ati tulikuwa tumeshikwa na shetani tu, mama. Alimsikiliza mpaka akamaliza, akamwambia ahsante, akaweka simu chini akaendelea kupima njugu.

Kuja kuishi huko haji. Ameniambia hivyo waziwazi, na nisingemshauri vingine. Wabwile ameomba likizo Novemba, atashukia hapa Kitale kwa mkewe, si kwako. Yaliyo kati yao watayamaliza wenyewe.

Lakini amesema shule zikiwa zimefungwa atamleta Nekoye akuone. Jumamosi ya wiki ijayo, watafika kabla ya mchana na kurudi jioni. Nilimuuliza nimpe nini cha kupika huko. Akasema nisimpe kitu, na jiko lako hataingia. Atakaa sebuleni kama mgeni. Utapika wewe.

Najua hujui kupika. Maharagwe yaloweke Ijumaa usiku na umwage maji. Anza mapema, na usiite jirani wa kike akusaidie, Jentrix atajua.

Dada yako,
Sabiha